Kuchora pembetano kwa bikari na kuukuta uwiano wa dhahabu ndani yake

Uwiano wa dhahabu, yaani namba 1.618 na ushei, umesingiziwa mengi. Utaambiwa umo katika kila uso mzuri, katika kila hekalu la kale, katika gome la nautilus, kiumbe wa baharini mwenye gome lililojipinda. Ukilipima gome hilo utaona linapanuka takriban mara tatu kwa kila mzunguko kamili, na umbo linalojipinda kwa uwiano wa dhahabu, yaani kupanuka mara 1.618 kwa kila robo ya mzunguko, lilitakiwa lipanuke mara 6.85. Hata kukaribiana hayakaribiani.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo uwiano huu hauhitaji kuaminiwa wala kupambwa: pembetano yenye pande tano sawa na pembe tano sawa. Pima mshazari wake, yaani mstari unaounganisha kona mbili zisizopakana, ugawe kwa upande. Jibu ni 1.618 na desimali zisizoisha, pembetano iwe ndogo au kubwa, upende usipende. Mwongozo huu unakuchukua kutoka karatasi tupu hadi kwenye uthibitisho, kisha unakuonyesha jinsi ya kuutumia uwiano huo kuchora pembetano pale bikari ya shule isipofika.

Andaa karatasi ya A4, rula iliyonyooka kwelikweli, penseli mbili na bikari isiyolegea. Penseli ya kwanza ni ya kwenye bikari, na ichongwe kwa mshazari upande mmoja ili ncha yake iwe bapa kama patasi. Ncha ya mviringo huchakaa kabla hujamaliza duara, na mstari hunenepa njiani. Jaribu bikari kwanza: chora duara moja, lizungushe mara ya pili juu ya lile lile. Ukiona mistari miwili badala ya mmoja, kaza skrubu au tafuta bikari nyingine. Kazi hii haisamehe bikari inayofunguka yenyewe.

Kuchora pembetano ndani ya duara

1. Piga mstari wa mlalo katikati ya karatasi. Weka alama O katikati yake, kisha chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 8. Duara litaukata mstari mahali pawili: kushoto paite P, kulia paite Q.

2. Unahitaji mstari wa wima unaopita O. Fungua bikari sentimita 12. Simamisha sindano kwenye P, piga tao fupi juu ya duara na jingine chini yake. Fanya vivyo hivyo kutoka Q bila kubadilisha upana. Unganisha mahali tao zinapokatana, juu na chini. Mstari huo lazima upite O. Usipopita, ni afadhali ufute sasa kuliko baadaye. Pale unapolikata duara juu, andika A.

3. Tafuta katikati ya OQ. Ungeweza kupima sentimita 4 kwa rula, lakini bikari ni makini zaidi: ifungue sentimita 8, weka sindano kwenye Q, piga tao mbili zinazolikata duara juu na chini, kisha unganisha makutano hayo mawili. Mstari wake unaikata OQ katikati kabisa. Hapo ni K.

4. Sindano kwenye K, penseli kwenye A. Sasa zungusha bikari kushuka upande wa kushoto mpaka tao liukate mstari wa mlalo kati ya O na P. Mahali hapo ni N.

5. Sindano irudi A, na ufungue bikari mpaka penseli iguse N. Upana huo, AN, ndio upande wa pembetano yako. Usiiguse tena skrubu.

6. Kutoka A, kata duara kulia upate B, na kushoto upate E. Kutoka B shuka ukate upate C. Kutoka E shuka ukate upate D. Unganisha A, B, C, D, E kwa rula.

Angalia kwamba sikukwambia uzunguke duara lote kwa mkupuo mmoja kutoka A hadi urudi A. Ukigawa safari mara mbili, kulia na kushoto, makosa yote ya bikari yanarundikana mahali pamoja, yaani kwenye upande wa CD, na kona mbili za juu zinabaki salama. Bikari ikizidi robo ya milimita tu, CD itapungua milimita nzima, kwa sababu kosa limejirudia mara nne. Kwa hiyo pima CD kabla ya kushangilia. Ikitofautiana na AB, gawa tofauti kwa tano na ubadilishe upana wa bikari kwa kiasi hicho: CD ikiwa fupi, punguza, ikiwa ndefu, ongeza. Futa B, C, D na E, rudia hatua ya sita.

Njia hii si mpya. Claudius Ptolemy, mnajimu wa Alexandria wa karne ya 2, aliitumia kupata urefu wa nyuzi za duara, yaani mistari inayounganisha nukta mbili za duara, alipokuwa anaandaa majedwali yake ya mahesabu ya nyota.

Kupima

Chora mishazari yote mitano: AC, AD, BD, BE na CE. Nyota yenye ncha tano imejitokeza ndani ya pembetano. Kwa duara la nusu kipenyo cha sentimita 8, upande unatakiwa uwe sentimita 9.40 na mshazari sentimita 15.22.

Kwa rula ya kawaida utasoma milimita 94 na milimita 152. Gawa: 152 ÷ 94 = 1.617. Ukiukosea mshazari kwa milimita moja ukasoma 153, jibu linakuwa 1.628, ukisoma 151 linakuwa 1.606. Ndiyo maana usipime mmoja tu. Pima mishazari mitano, jumlisha, gawa kwa jumla ya pande tano. Makosa madogo ya macho hufutana.

Mwenye kikokotoo anaweza kupata namba yenyewe kwa njia ya mkato: andika 2 × cos 36. Kikokotoo kiwe kwenye nyuzi, si kwenye radiani, la sivyo kitakupa namba hasi na utadhani kimeharibika. Kinachotokea ni 1.618033988… na ukichukua kipeuo cha pili cha 5, ukajumlisha 1, ukagawa kwa 2, utapata namba hiyo hiyo.

Kupima, hata hivyo, hakuthibitishi kitu. Rula haiwezi kukwambia kama ni 1.618 au 1.62 kamili. Kwa hilo tunahitaji pembe.

Uthibitisho, kwa mchoro uleule

Pembetano inagawanyika katika pembetatu tatu ukichora mishazari miwili kutoka kona moja. Kila pembetatu ina nyuzi 180, hivyo jumla ya pembe zake ni nyuzi 540, na kila kona ina nyuzi 108. Hiyo ndiyo namba pekee unayohitaji kuikumbuka. Nyingine zote zinatoka humo.

Tazama pembetatu ABC. Upande AB ni sawa na BC, kwa hiyo pembe zilizoko A na C ni sawa. Kona B imeshachukua nyuzi 108, zimebaki 72, kila moja inapata 36. Pembetatu ABE nayo ni vivyo hivyo: pembe yake iliyoko B ni nyuzi 36.

Sasa weka kidole pale mshazari AC unapokatana na mshazari BE, karibu na B. Paite F. Hapa ndipo siri yote ilipo, kwa hiyo twende polepole.

Pembetatu ABF ina nyuzi 36 kwenye A na nyuzi 36 kwenye B, hivyo ina 108 kwenye F. Pembe zake ni zilezile za pembetatu kubwa ABC: 36, 36, 108. Pembetatu mbili zenye pembe sawa ni umbo moja kwa vipimo viwili tofauti.

Upande wa pili wa F kuna pembetatu BCF. Kona nzima ya B ni nyuzi 108. ABF imeshakula 36, zimebaki 72. Kwenye C kuna nyuzi 36. Basi kwenye F kuna 180 toa 72 toa 36, yaani 72. Pembe mbili za pembetatu hii ni sawa, 72 na 72, kwa hiyo pande zinazozikabili ni sawa pia: CF = BC.

Soma tena mstari huo. Kipande cha mshazari kutoka C hadi F kina urefu uleule wa upande wa pembetano. Chukua bikari yako, ipime BC, kisha ihamishie kwenye CF: itaingia sawasawa. Hata kabla ya uthibitisho, mkono umeshaona.

Tuite upande u na mshazari m. Mshazari AC umekatwa pale F katika vipande viwili: kirefu ni u, kifupi AF ni m toa u. Na kwa kuwa ABF na ABC ni umbo moja, uwiano wa AF kwa AB ni uleule wa AB kwa AC:

(m − u) ÷ u = u ÷ m

Kwa maneno: kipande kifupi kwa kirefu ni kama kirefu kwa mstari mzima. Mgawanyo huu mwanahisabati Mgiriki Euclid aliufafanua mnamo mwaka 300 KK katika kitabu cha sita cha kazi yake, Elements, na katika kitabu cha kumi na tatu, kauli ya 8, akathibitisha kwamba mishazari ya pembetano hukatana hivyo hivyo na kwamba kipande kirefu ni sawa na upande. Yeye hakuuita wa dhahabu. Mtaliano Luca Pacioli aliuita wa kimungu katika kitabu alichokichapisha Venice mwaka 1509, na jina la dhahabu linaonekana kwenye maandishi ya Mjerumani Martin Ohm mwaka 1835. Heshima ya kale kabisa ambayo jina hilo linajipa ni ya juzi tu.

Malizia hesabu. Andika x badala ya m ÷ u, yaani mshazari kwa upande. Mlinganyo unageuka kuwa x² = x + 1. Unaufumbua kama mlinganyo wowote wa kipeo cha pili, unatupa jibu hasi kwa sababu urefu hauwi hasi, na unabaki na x = (1 + √5) ÷ 2.

Kwa asiyependa pembe ipo njia fupi zaidi. Chukua kona nne B, C, D, E. Ziko juu ya duara moja, na Ptolemy alithibitisha kwamba katika umbo la pande nne lililomo ndani ya duara, kuzidisha mishazari yake miwili ni sawa na kujumlisha mazao ya pande zinazokabiliana. Mishazari hapa ni BD na CE, yote m. Pande ni BC, CD, DE, zote u, na EB ambayo ni m. Kwa hiyo m² = u² + um. Gawa kila kitu kwa u² na umefika palepale: x² = x + 1. Mistari mitatu ya maandishi. Mimi bado naipenda ile ya kwanza, kwa sababu inakuonyesha ni wapi hasa kwenye mchoro namba hiyo imekaa.

Kwa nini hatua ya nne ilifanya kazi

Wengi huchora pembetano kwa kukariri na hawajui nukta N imetoka wapi. Tumia kanuni ya Pythagoras kwenye pembetatu OKA. OK ni nusu ya nusu kipenyo, yaani 4; OA ni 8. Mraba wa KA ni 16 + 64 = 80, hivyo KA ni 8.944. Tao likahamisha urefu huo hadi KN. Toa OK: ON = 4.944. Gawa 8 kwa 4.944 upate 1.618. Kumbe uwiano wa dhahabu ulishaingia kwenye karatasi kabla hujachora upande hata mmoja, na √5 imetoka kwenye pembetatu yenye pande mbili ambazo moja ni nusu ya nyingine.

ON yenyewe ni upande wa umbo la pembe kumi ndani ya duara hilohilo. Na Euclid ana kauli nzuri, ya 10 katika kitabu kilekile cha kumi na tatu: mraba wa upande wa pembetano ni sawa na mraba wa upande wa pembesita ukijumlisha na mraba wa upande wa pembekumi. Upande wa pembesita ni nusu kipenyo. Basi 64 + 24.44 = 88.44, na kipeuo chake ni 9.40. Ndicho ulichokipima.

Pembetano iliyo tumboni mwa nyota

Rudi kwenye nyota. Katikati yake kuna pembetano ndogo iliyosimama kichwa chini. Kila mshazari mkubwa umekatwa vipande vitatu na mishazari mingine; pima AC utapata sentimita 5.81, kisha 3.59, kisha 5.81. Kipande cha kati ni upande wa pembetano ndogo. Na 5.81 ni nini? Chora mishazari ya hiyo ndogo na uipime: ni sentimita 5.81.

Kwa herufi, mshazari mdogo ni m − u, na upande mdogo ni 2u − m. Jaribu: 15.22 − 9.40 ni 5.82, na 18.80 − 15.22 ni 3.58, tofauti ya desimali ya mwisho ni ya kukadiria tu.

Endelea kuchora nyota ndani ya pembetano ndogo. Itatokea nyingine, safari hii imesimama wima, upande wake sentimita 1.37. Baada ya hapo penseli inashindwa, ila hesabu haishindwi, na hapo ndipo jambo lenye uzito linapojitokeza. Tuseme kuna kipimo fulani, kidogo utakavyo, kinachoingia mara kamili kwenye upande na mara kamili kwenye mshazari, bila baki. Basi m na u ni namba nzima za kipimo hicho. Lakini m − u na 2u − m nazo ni namba nzima, ndogo kuliko za mwanzo. Pembetano inayofuata itatoa namba nzima ndogo zaidi, na inayofuata tena, bila mwisho. Namba nzima zilizo juu ya sifuri haziwezi kupungua milele. Kwa hiyo kipimo hicho hakipo. Hakuna rula, hata ikatwe laini namna gani, itakayosoma upande na mshazari wa pembetano moja vyote kwa namba kamili.

Wafuasi wa Pythagoras waliitumia nyota hii kama alama ya kutambuana. Mwaka 1945 mwanahistoria Kurt von Fritz alitoa hoja kwamba huenda mmoja wao, Hippasus wa Metapontum, aligundua urefu usiopimika kwa pamoja kupitia pembetano, si kupitia mraba kama inavyosimuliwa kwa kawaida. Ni hoja tu, lakini ukishachora nyota mbili tatu moja ndani ya nyingine unaona kwa nini ilimvutia.

Ukipewa upande badala ya duara

Mara nyingi kazi haianzi na duara. Inaanza na upande: unataka pembetano ya sentimita 6 kila upande. Hapa uwiano wa dhahabu ndio zana yenyewe.

Chora AB ya sentimita 6 na uirefushe kupita B. Simamisha mstari wa wima kwenye B, upime juu yake sentimita 6, andika T. Tafuta katikati ya AB, iite K. Sindano kwenye K, penseli kwenye T, shusha tao hadi likate ule mstari uliorefushwa, paite R. Urefu AR ni sentimita 9.71, nao ndio mshazari.

Fungua bikari kiasi cha AR. Piga tao kutoka A na kutoka B. Zinakatana juu, kwenye kona D. Rudisha bikari kwenye sentimita 6. Tao kutoka A na D zikikatana kushoto unapata E. Kutoka B na D zikikatana kulia unapata C. Imeisha. Hakiki kwa kupima CE, ambayo hukuitumia popote katika kuchora: iwe 9.71.

Uhakiki huu usiupuuze. Pande tano zikiwa sawa bado hujapata pembetano kamili. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, katika kitabu chake cha upimaji cha mwaka 1525, alifundisha mchoro mmoja mwepesi unaotumia bikari isiyobadilishwa upana. Pande zake tano zinalingana kabisa, lakini kona ya juu inafika nyuzi 109 na ushei, na mbili za ubavuni zinabaki 107. Kwa jicho huwezi kugundua. Mishazari ndiyo inayoumbua.

Bila bikari kabisa

Kata utepe wa karatasi wenye upana wa sentimita 3 na urefu usiopungua sentimita 30, kingo zake zikiwa sambamba. Ufunge fundo la kawaida, moja tu. Vuta ncha zote mbili taratibu, huku ukilaza fundo juu ya meza kwa kidole gumba, mpaka mikunjo iguse kingo bila kuacha nafasi na bila karatasi kukunjamana. Ukilikandamiza, fundo linakuwa pembetano. Kata au kunja ncha zilizobaki nje.

Ukiikunja ncha moja irudi kupita juu ya fundo kisha ukaliinua lote kwenye mwanga, utaiona nyota nzima, kwa kuwa kingo za utepe zimepita palepale mishazari inapopita. Upana wa utepe ni 0.951 ya upande, hivyo utepe wa sentimita 3 unatoa upande wa sentimita 3.15. Karatasi nene haifai; mkunjo wake unakula milimita na pembe zinaharibika.

Kwenye ardhi au kwenye mbao

Bikari ikishindwa, kamba inaichukua nafasi yake, na hapo hutaki desimali. Tumia namba za Fibonacci, ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia: 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144. Upande ukiwa namba mojawapo, mshazari ni ile inayofuata. Upande 5 na mshazari 8 si mbaya kwa mchoro wa haraka, ingawa mshazari ulitakiwa uwe 8.09. Upande 13 na mshazari 21 unakosea theluthi moja ya milimita kama vipimo ni sentimita. Upande 89 na mshazari 144 unakosea nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, yaani kamba yenyewe itanyooka zaidi ya hapo ukiivuta. Ukitaka kubwa zaidi, zidisha zote mbili: mita 2.67 kwa mita 4.32 ni 89 na 144 mara tatu.

Piga vigingi A na B kwa umbali wa upande. Watu wawili washike kamba za urefu wa mshazari, mmoja kutoka A, mwingine kutoka B. Zinapokutana zikiwa zimekazwa, piga kigingi D. C na E unazipata kwa kamba mbili za urefu wa upande. Tumia waya au kamba isiyovutika. Ya nailoni itakudanganya.

Kwa fremu ya mbao, pima kati ya tundu la boliti na tundu la boliti, si ncha hadi ncha ya ubao. Mbao tano za mita 1 zilizofungwa kwa boliti kwenye kona zitayumba huku na huku, kwa kuwa pembetano ya pande tu haina ugumu. Zinahitajika mbao mbili zaidi za kuikaza, zote zikitoka kona moja hadi kona mbili zinazoikabili, na tundu zake ziwe mita 1.618 mbali. Toboa hapo, kaza, na fremu haitaenda popote; ukipima mishazari mitatu iliyobaki, nayo itakuwa mita 1.618.